Mbeta mlango wa nyuma: kisa cha filamu moja na nyumba iliyovunjika

Kwanza kabisa

Hiki kisa nimo ndani yake. Nilikuwa meneja wa uzalishaji, yani yule mtu wa vibali, magari, chakula na lawama. Sitaji kijiji, sitaji filamu, sitaji mtu. Ni upande wa Iringa unavyoenda Njombe, ukanda wa paina, ile miti ya mbao, na mianzi, hapo panatosha. Vitu kadhaa nimevihamisha makusudi, na hata kile kitu kilichotundikwa mlangoni, ambacho ndo kiini cha kisa chote, hapa nakiita mbeta, kile chombo cha kukingia ulanzi, pombe ya mianzi, lakini haikuwa mbeta. Ukifika chini utaelewa kwa nini siwezi kuandika kilikuwa nini.

Nawaandikia wanaotengeneza filamu kwa hela ya kuungaunga, wale wa kikundi cha watu kumi na kitu, kamera moja ya kuazima na jenereta inayozimika ikisikia neno "ekshen".

Filamu yenyewe

Stori ilikuwa nyeusi, hatukuificha. Ndoa changa, mume anaondoka miezi kadhaa kwenda kupasua mbao, mke anabaki na mama mkwe. Nyuma ya nyumba kuna kichaka cha mianzi, na mianzi ina mgema wake.

Kwa wasioijua ulanzi niseme kidogo maana filamu ilisimama hapo. Msimu wa mvua chipukizi la mwanzi linakatwa kichwa, linafungiwa mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, maji yake yanadondoka humo taratibu. Mgema anarudi asubuhi na jioni, kila siku, anakata upya kile kidonda kisizibe, anamimina, anaondoka. Ule mpya ni mtamu, wanauita mtogwa, hata mtoto anaonja. Ukilala unakuwa mkangafu, na huo ndo wa kilabuni.

Sasa mwandishi wetu akaona kitu ambacho mimi nimekulia huku na sikuwahi kukiona: kuna mwanaume mmoja kijijini ambaye anapita nyuma ya nyumba ya mtu mara mbili kwa siku na hakuna anayemuuliza unatafuta nini. Watu wengine wakipendana kwa siri wanatafuta kichaka na kisingizio, huyu anavyo vyote viwili tena kwa ratiba. Nusu ya kwanza ya filamu haina hata neno moja la mapenzi, ni mtu anakuja, anakata, anamimina, anaondoka, na mwanamke anaanza kujua saa bila kuangalia saa. Mwisho wake mume anarudi, anagundua, hapigi mtu. Anachoma shamba la paina alilopanda baba yake, moto unaruka unaichukua na nyumba ya mama yake mzazi. Mtu wa Mafinga au Makambako hahitaji maelezo hapo, shamba la paina ni ada, ni benki, ni urithi, ukilichoma umechoma watoto ambao hawajazaliwa.

Shida ya kwanza ilikuwa majira. Ulanzi ni wa mvua, moto ni wa kiangazi, mwezi wa nane mpaka wa kumi nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Kuna aliyesema tufanye yote mwezi mmoja, ulanzi tuigize kwa maji ya rangi. Dairekta akakataa, akasema mgema feki anajulikana mkono. Tukaamua awamu mbili, Machi na Septemba, siku kumi na sita kwanza alafu tisa. Kwa picha uamuzi ulikuwa sahihi na mpaka leo naukubali. Ila ulituachia miezi mitano katikati, na humo ndimo mambo yalimoharibika.

Vibali tulikuwa navyo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, tukapeleka skripti, tukapita kwa afisa utamaduni wa wilaya, tukaenda kwa mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Mihuri ilijaa kwenye faili. Na tulibishana wiki mbili nzima juu ya sini ya kitandani. Stelingi wetu wa kike, dada kutoka Dar, hakuitaka. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameshasikia kuna "picha za uchi" zinakuja. Dairekta aliitaka alafu akailegeza. Mwishowe ikabaki mkono unafunga mlango na koroboi inazimwa, kila mtu akapumua, mzee wa kanisa akatuombea. Uangalifu wote tuliokuwa nao uliishia kwenye kile kitanda, kwa mengine hatukubakiwa na kitu.

Ishara ilitoka wapi

Mwandishi alikwenda mapema peke yake kusikiliza watu wanavyoongea. Jioni tatu mfululizo akakaa kilabuni. Jioni ya tatu mzee mmoja akatoa stori ya kuchekesha, kwamba kuna nyumba hapa ukiona mbeta imetundikwa upande wa nyuma, mlangoni, ujue mwenye nyumba kasafiri. Watu wakacheka sana. Mwandishi akauliza nyumba ya nani, akajibiwa "aah, zamani hiyo, hao watu walishakufa."

Akaiandika. Asubuhi akanipigia kunisimulia na mimi nilifurahi kuliko yeye. Ishara isiyo na maneno, haihitaji taa, haihitaji hela, mtazamaji akishaielewa mara ya kwanza basi kila ikitokea tena tumbo linamkata. Tulijiona tumeokota dhahabu. Aliyekuwa na mbeta kwenye stori ya mzee hakuwa mgema, sisi tukamgeuza mgema, tukaona hapo tumeshamficha vya kutosha.

Lile jibu la "zamani hiyo, walishakufa" hatukulifikiria mara mbili. Mtu wa huku anaposema hivo huku anacheka na kuangalia kopo lake, mara nyingi anakwambia usiendelee.

Mvua, mabati na jiko la bibi

Nyumba tuliyochagua mwanzoni ilikuwa upande mwingine wa kijiji, nzuri, imeezekwa bati. Machi bwana. Siku ya kwanza ikanyesha saa nane mpaka saa kumi na mbili, kijana wa sauti akavua hedifoni akaziweka mezani akaniangalia tu. Siku ya pili hivohivo. Siku ya tatu tulikuwa na dakika nne za mazungumzo yanayosikika kwa siku mbili za kazi, na kila siku watu kumi na tatu wanakula.

Ndo tukaanza kutafuta nyumba ya nyasi. Nyumba za kuishi za nyasi zimebaki chache ila majiko ya nje yapo, na tukapata la bibi mmoja, jiko la zamani, kuta nyeusi kwa moshi, mlango wa mbele na mlango mdogo wa nyuma unaotazama kichaka cha mianzi. Mvua ikinyesha juu ya nyasi unasikia kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili. Dairekta aliingia akasimama katikati, hakusema kitu dakika nzima, nikajua hapa hatutoki.

Tulimlipa bibi elfu ishirini kwa siku. Mimi mwenyewe nilimsomea fomu, kwa Kiswahili, taratibu, kwa heshima zote. Fomu inasema jiko litatumika siku ngapi, kikiharibika kitu nani analipa, picha zitatumika kwenye filamu. Akaweka dole gumba. Filamu inahusu nini hakikuwemo kwenye fomu, na hakuuliza, na mimi sikumwambia, kwa sababu sikuona inamhusu. Mwenyekiti tulimwambia ni filamu ya mapenzi na wivu, ina mafundisho. Nani asiyekubali mafundisho.

Siku ya kutundika

Ilikuwa siku ya saba. Sini ni ya akina mama wanatoka kisimani na ndoo, wanapita nyuma ya jiko, wanaiona mbeta. Wale akina mama ni wa kijiji chenyewe, wanane, tuliwalipa elfu kumi kila mmoja, walikuwa wanapiga stori na kucheka tangu asubuhi mpaka tukawa tunawaomba wapunguze.

Kijana wa vifaa akaenda kutundika. Akatafuta pa kupigilia msumari, akakuta msumari upo. Huo msumari nimeuwaza sana.

Akina mama wakanyamaza. Hakuna aliyewaambia. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, akanyanyuka taratibu akasogea mpaka kwa yule kijana.

"Mjukuu wangu, mbeta haitundikwi upande huo."

"Bibi, upande huu ndo wenye mwanga."

Bibi akaitazama mbeta, akamtazama kijana. "Haya, mwanga upo," akasema, akaingia nyumba kubwa akafunga mlango.

Binti aliyekuwa anashika kontinuiti, yani kuangalia vitu na mavazi vifanane kutoka picha hadi picha, aliandika kwenye daftari lake, nalo ninalo hadi leo: *Bibi anasema mbeta sio hapo. Labda mila? Kuuliza.* Hakuna aliyeuliza. Mawingu yalikuwa yanakuja.

Tukapiga teki moja. Wale akina mama walivyoutazama ule mlango, jamani. Mmoja hasa, wa tatu kutoka kushoto, ndoo kichwani, alitazama mlango alafu akatazama chini alafu akatazama moja kwa moja kwenye kamera, kitu ambacho tulikuwa tumewakataza. Dairekta akasema usikate, usikate. Ilikuwa sura bora kuliko zote tulizopiga ndani ya siku kumi na sita. Kesho yake yule mama hakuja, akaleta taarifa mtoto anaumwa, tukamtafuta mwingine wa kuvaa kitenge chake kwa ajili ya mwendelezo na kazi ikaendelea.

Alikuwa mkwe wa bibi. Sisi tulijua hilo Septemba.

Treila

Hela iliisha Aprili. Ya awamu ya pili haikuwepo, na prodyuza alikuwa amepata watu wawili wenye maduka Mbeya walio tayari kuchangia lakini wanataka kuona kitu. Editi wetu yuko Mbeya, chumba kimoja pale Mwanjelwa, hajawahi kufika kijijini wala hajui nani ni nani. Akaambiwa tengeneza sekunde hamsini, kali, zisizotoa siri ya mwisho. Akafanya kazi yake vizuri mno. Alichukua mbeta inatundikwa, akaunganisha na ile sura ya yule mama. Mbeta, sura, giza, jina la filamu. Kwa mtu wa editi huo ndo muunganiko wa kwanza kabisa utakaokuja kichwani, kitu na macho yanayokitazama.

Ikaenda YouTube na ikaenda WhatsApp. Mimi nikamtumia mtendaji wa kijiji kwa mkono wangu, na ujumbe: "Shikamoo mzee, haya ndo matunda ya ushirikiano wenu, tunashukuru sana." Nilidhani nafanya adabu. Ndani ya siku mbili kila simu ya kijiji ilikuwa nayo, na ikatoka kijijini ikafuata vijana wao wanaofanya kazi za mbao upande wa Sao Hill, ambako jioni hakuna la kufanya zaidi ya kukaa kwenye moto na kupeana simu. Mume wa yule mama alikuwa mmoja wao. Aliiona akiwa amezungukwa na watu wa kwao, wanaoijua nyumba, wanaoujua ule mlango, na ambao nadhani walikuwa wanajua mengine pia miaka yote hiyo.

Tuliporudi

Septemba tunafika vumbi tupu, baridi imepungua, mimi niko gari la mbele. Nilidhani tumekosea njia maana nililiona jiko la bibi kutoka barabarani, na jiko la bibi halikuwa linaonekana kutoka barabarani. Kichaka chote cha mianzi kilikuwa kimekatwa. Vimebaki visiki vya urefu wa goti, na kanjia kadogo kanakopita katikati yake mpaka mlango wa nyuma, keupe, kanaonekana vizuri kama kamechorwa.

Bibi alitupokea. "Kamwene," tukaitikia, tukatoa shikamoo. Akasema karibuni, alafu akauliza, "Mmekuja na kamera?"

Yaliyotokea alitusimulia mtendaji. Mume alirudi mwezi wa sita. Hakupiga mtu, hakufokea mtu. Aliazima panga la pili kwa jirani, siku mbili akawa anakata mianzi kuanzia asubuhi, watu wanapita wanamwangalia na hakuna aliyemwambia acha, akamaliza, akarudi kazini. Mkewe alikuwa ameshaondoka siku ya kwanza ya hizo mbili, na mtoto mdogo mgongoni, kwenda kwa wazazi wake. Mwanaume mwingine, ambaye narudia hakuwa mgema, alihama, wengine wanasema Tunduma. Bibi akabaki na wajukuu wawili wakubwa na bila mianzi, na ule ulanzi ndo ulikuwa sabuni yake, chumvi yake na mbolea yake ya mahindi.

Kama kweli kulikuwa na jambo kati ya wale wawili mimi sijui. Sikuuliza na hakuna aliyejitolea kunieleza. Ninachoamini ni kwamba kijiji kilikuwa na makubaliano yake ya kutokusema, pengine kwa sababu ya watoto, pengine kwa sababu ya bibi, na makubaliano hayo yalikuwa yanafanya kazi mpaka tulipoyatundikia kamera.

Kikao cha usiku

Tulikaa chumba cha gesti Mafinga watu sita mpaka saa nane usiku. Dairekta alisema, na hakuwa anaongea upuuzi, kwamba hadithi ikishasimuliwa kilabuni ni ya kila mtu, hatukutaja jina, mbona nyimbo za huku zinawasema watu kila siku. Mwandishi hakuongea kabisa. Prodyuza alikuwa anapiga hesabu, hela za wale wa Mbeya zimeshaingia na nusu imeshatumika. Aliyevunja ubishi ni yule dada wa Dar. Alisema, "Mimi nikimaliza napanda basi. Nyie mtapita tena hapa." Akaenda kulala.

Tukaamua hivi. Treila itolewe usiku uleule, ingawa kutoa kitu YouTube wakati kipo kwenye simu za watu ni kama kufunga zizi ng'ombe wameshatoka. Sini yote ya akina mama itoke kwenye filamu, na mlango wa nyuma wa jiko usionekane hata mara moja, ambayo ilikuwa dakika kumi na moja zilizokamilika. Ishara ibadilishwe. Na moto tusiupige pale. Hili la moto hata tungetaka tusingeweza, asubuhi mwenyekiti alitupokea ofisini kwa upole sana akasema, "Ule wa kwanza mliuwasha kwetu. Huu wa pili wekeni kwenu."

Dairekta alitaka pia tuende kwa wazazi wa yule mama tukaombe msamaha. Nilipinga, na prodyuza akanielewa: gari lenye stika ya filamu linasimama mbele ya nyumba ya mwanamke aliyerudi kwao, hapo kijiji cha pili nacho kinapata habari. Tukatuma neno kupitia shangazi yake. Jibu lilirudi baada ya siku tatu, neno moja: nifuteni.

Bibi tulimpelekea laki tatu. Alizipokea, akazihesabu mbele yetu, akazifunga kwenye kona ya kitenge. Alafu akaniuliza mimi, sio dairekta, "Mara ya kwanza mlinilipa jiko. Leo mmenilipa nini?" Nilijibu kitu, sikumbuki nini, kitu cha kijinga.

Iliishaje

Moto tuliupiga kwenye yadi ya mbao, usiku, tukachoma rundo la mabanzi, kamera karibu karibu, pikapu ya maji pembeni na vijana wanne wa yadi wenye majembe. Umetoka vizuri kuliko tungechoma nyasi. Sini za mlango tulisubiri mpaka Januari mvua zirudi, tukazipiga sehemu nyingine kabisa, mbali. Ishara mpya mwandishi aliibuni mezani, alafu tukazunguka nayo vijiji viwili tunauliza kwa mzunguko kama kuna mtu amewahi kuona kitu cha namna hiyo. Hakuna, tukaitumia.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Watu wameisifia picha na moto, na karibu kila aliyeiandika amesema katikati inapwaya, ile ishara haishiki. Wako sahihi, haishiki. Yule mama, kwa habari ya mwisho niliyonayo, hajarudi. Mianzi ya bibi imeanza kuchipua kwenye visiki, membamba membamba, bado sio ya kugema.

Uchambuzi

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu na kila nikitafuta kosa moja kubwa silipati. Kuchukua ishara kilabuni, waandishi wote wanachukua. Kuhamia jiko la nyasi, mvua ilitulazimisha na kwa sauti tulifanya sawa. Kutumia akina mama wa kijiji badala ya kuleta watu Iringa mjini, kila mtu anatusifia kwa hilo. Treila, bila treila hakuna awamu ya pili. Kila uamuzi ukiusimamisha peke yake unajitetea. Ukiviweka pamoja tulichora ramani: kitu kilekile, mlango uleule, njia ileile, na mwishoni tukabandika sura ya mwenyewe. Hakuna mtu hata mmoja kwenye timu aliyekuwa ameshika vipande vyote kwa wakati mmoja. Mwandishi alijua ishara ila hakuchagua jiko. Mimi nilichagua jiko ila sikujua mkwe ni nani. Editi hakujua chochote. Aliyekuwa na vipande vyote ni bibi, na alituambia.

Hapo ndo naumia. Timu nzima ni Waswahili, nusu yetu wazaliwa wa Iringa na Njombe, wengine wa Mbeya, hatuwezi kusingizia lugha. "Mbeta haitundikwi upande huo" ni sentensi ambayo mama yangu angeisema na mimi ningejua mara moja kuna kitu. Lakini nilikuwa na saa mkononi na mawingu juu, na bibi kwenye karatasi yangu alikuwa ameandikwa "mwenye lokesheni". Mtu ukimwandika hivo unategemea akwambie habari za jiko, usikanyage hapa, kuni ziko pale. Tulifikiria mila kwa sababu ukiwa na kamera kila mzee wa kijijini anageuka mtu wa mila, kumbe alikuwa anaongelea nyumba yake.

La pili ni namna ya kuficha mtu. Tulibadilisha kazi ya mwanaume, umri, tukaweka majina ya kubuni, tukajiona wastaarabu. Huo ni ufichaji wa mjini. Mjini mtu anajulikana kwa jina na kazi, ukivitoa amepotea. Kijijini jina ndo kitu cha mwisho, mtu anajulikana kwa mlango, kwa upande anaoanika nguo, kwa saa anayotoka, kwa mbwa asiyembwekea. Tulitoa kila kitu ambacho hakuna anayekitumia tukaacha vyote vinavyotumika. Ndo maana humu nimeweka mbeta mahali pa kile kingine, kisa hiki nacho kitafika kwenye simu zao.

Fomu nazo. Wale akina mama wanane hawakusaini fomu kabisa, walisaini karatasi ya malipo. Kwa filamu ndogo wengi wetu ndo tunavyofanya, tunaona aliyepokea elfu kumi ameshakubali. Amekubali nini? Kubeba ndoo. Hakuna aliyewaambia kwamba sura yako inaweza kukatwa sekunde tatu na kuunganishwa na kitu chochote tutakachopenda. Na treila ni hatari kuliko filamu, kwenye filamu yule mama angekuwa mmoja kati ya wanane ndani ya stori ya saa moja na nusu, mtu angeona mgema, angeona mke ni dada wa Dar, angeelewa ni maigizo. Sekunde hamsini hazina nafasi ya maigizo.

Yaliyofanya kazi yapo. Awamu mbili kufuata majira, ndiyo, ila pesa ya awamu ya pili iwe mkononi kabla ya ya kwanza kuanza, la sivyo utauza vipande vibichi kama sisi. Jiko la nyasi kwa sauti, ndiyo kabisa. Kutokwenda kwa yule mama, naamini tulifanya sawa. Kukata zile dakika kumi na moja pia, ingawa dairekta mpaka kesho anasema tulinywea, na kwamba mianzi ilikuwa imeshakatwa, kuziondoa hakukurudisha mwanzi hata mmoja. Hilo siwezi kumbishia. Wala sikubaliani na wanaosema basi tusichukue chochote kutoka kwa watu, tubuni mezani. Tumebuni mezani, mmeona inavyopwaya. Filamu ya tamaa iliyofichwa inaishi kwenye vitu vidogo vya kweli, na mimi bado navitaka. Ninachojua tu ni kwamba kitu ulichokipata kijiji hiki usikirudishe kijiji hikihiki, kipeleke mbali, kwenye mlango ambao haujawahi kukiona.

Siku hizi kabla ya kuchagua nyumba tunasoma skripti kwa sauti mbele ya akina mama watu wazima wa pale, wao peke yao, bila mwenyekiti na bila kamera, chai na maandazi yapo. Inachukua siku nzima na prodyuza ananuna. Kwenye kazi iliyofuata, huko Rungwe, tulisoma mpaka ukurasa wa arobaini na kitu, mama mmoja akasema, "Hilo dirisha lisitazame mtoni." Wengine wakainama kwenye vikombe vyao. Tukaligeuza likatazama migombani. Mwanga ulikuwa mbaya, tukapoteza asubuhi mbili, na sijui mpaka leo mtoni kuna nini.